Ushuhuda wa Mbabula Moja

Orpha alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna famasi Johannesburg nzima ingeweza kuutibu, nao ni Jumapili. Siku nyingine alizimudu vizuri tu. Saluni pale Berea ilijaa watu tangu asubuhi, vichwa vikingoja kusukwa, redio ikipiga kelele, wateja wakiwasema waume zao, na yeye katikati akisuka na kucheka kama wengine. Lakini Jumapili saluni ilifungwa, na chumba chake, robo ya fleti iliyogawanywa kwa mbao nyembamba, kikawa kuta nne na yeye. Upande wa pili wa mbao alisikia familia ya watu ikila, vijiko vikigonga sahani, mtoto akikatazwa kuongea na chakula mdomoni. Yeye alikula amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimliza.

Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Kilichomshinda ni ile saa ya kutoka, pale watu wanapogawanyika mlangoni kifamilia, huyu anamwita mtoto, yule anatafuta funguo za gari, halafu wote wanaondoka na kumwacha amesimama na Biblia kwapani. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaelekea wapi.

Basi Karimu alipoingia saluni, katikati ya baridi ya mwaka 2017, alipokelewa vizuri kuliko alivyostahili. Karimu alikuwa Mtanzania wa Tanga, mpiga video za harusi, mwenye kamera moja na maneno mengi, na siku hiyo alimleta msichana aitwaye Benita asukwe kwa ajili ya sinema. Orpha akawa anasuka, Karimu akawa anasimulia. Sinema yake ilihusu wasichana wa chuo kikuu walioingia katika chama cha siri, chama cha kidada, wakaapishwa gizani, wakanywa damu, mwisho wakafa mmoja mmoja. Ingeitwa *Mabinti wa Kikombe Chekundu*.

Orpha akamuuliza mambo hayo aliyaona chuo gani. Karimu hakuona haya kusema kwamba hajawahi kusoma chuo. Aliyajua kwa sinema. Katika sinema za Kimarekani, alisema, madada hao ni wasichana warembo wenye roho mbaya, wanakaa katika jumba lenye nguzo nyeupe na kumcheka kila mnene anayekuja kuomba kujiunga. Katika sinema za Kinaijeria wanakaa msituni na mapanga. Yeye alitaka kuchanganya yote mawili, warembo na mapanga, kwa sababu watu wanapenda.

Orpha alicheka hadi akapoteza hesabu ya misuko. Kisha, bila mtu kumwomba, akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Hata aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa.

Ndipo akawasimulia habari za Mbabula Moja. Kwao Bukavu, mashariki ya Kongo, mbabula ni jiko la makaa, na chama chao kilizaliwa kwa sababu ya makaa tu. Katika nyumba moja ya kupanga, kwenye mteremko wa Kadutu, walikaa wasichana wa chuo ambao hakuna aliyeweza kununua makaa peke yake, wakaamua kupika kwenye jiko moja. Wanafunzi wakiwa wanafunzi, jiko likapata rais, katibu, sheria na ubatizo. Msichana mgeni aliitwa bleue. Alipakwa unga na masizi, akapandishwa mlima na ndoo ya maji huku anaimba, akaamriwa alisalimie jiko kama anavyosalimiwa mfalme. Mwishoni alishika mwiko mkononi akaapa kwamba hatakula kwa kujificha. Hicho ndicho kiapo chote. Baada ya hapo alipewa jina jipya na marraine, dada mkubwa wa kumlea, ambaye hubaki wake maisha yote.

Orpha alipewa jina la Chumvi, kwa kosa la sufuria yake ya kwanza. Marraine wake, aliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa Thérèse, msichana mrefu mwenye sauti nzito, aliyekuwa akimgombeza mbele ya vitabu na kumbembeleza mbele ya malaria. Baba yake Orpha alipofariki kijijini, gari liliishia njiani kwa sababu ya matope, na wasichana wa Mbabula Moja walimalizia safari kwa miguu, Thérèse mbele na sufuria kubwa kichwani. Walipika matanga yote. Shangazi zake Orpha hawakujua wale ni akina nani, wakadhani ni wakwe.

"Hiyo njo siri yetu yote," Orpha alimwambia Karimu.

Karimu alisikiliza kwa heshima. Mtu wa Tanga ana adabu zake, hata anapokataa.

"Dada Orpha, hayo mazuri, tena yana baraka. Lakini nani atakaa saa nzima anatazama wasichana wanachambua maharage?"

Benita, aliyekulia hukohuko Johannesburg na kuelewa nusu ya yote yaliyosemwa, alisema kwa Kiingereza kwamba ni kitu kitamu sana, kisha akarudi kwenye simu yake. Karimu naye akamwomba Orpha aigize mama wa chama. Sura anayo, alisema, na uzoefu ndio huo ameukiri mwenyewe.

Akakubali, na tusizunguke kuitafuta sababu. Sinema ilikuwa inapigwa Jumapili.

Walikutana Jeppestown, katika karakana ya zamani iliyokuwa inanuka mafuta ya mashine. Jumapili ya kwanza Orpha alifika kabla ya mwenye ufunguo. Wasichana sita wakavikwa majoho mekundu ya kitambaa cha pazia, wakamwita Mama mbele ya kamera, na kamera ilipozimwa wakaendelea kumwita Mama. Mchana walinunua mkate na chipsi, wakala kutoka kwenye karatasi moja wamekaa juu ya matairi, wakimsimulia habari za wavulana wao na kumuuliza angefanya nini kama angekuwa wao. Alirudi Berea jioni amechoka vizuri. Familia ya upande wa pili wa mbao ikala chakula chake na yeye hakuisikia.

Kwa hiyo alianza kumpa Karimu vitu, kidogo kidogo, ili asiachwe. Alimpa jina, na chama cha kwenye sinema kikaitwa Mbabula Moja. Alimpa jiko, likawa madhabahu ya moto. Alimpa mwiko, ukawa jambia. Jumapili ambayo maharage yaligeuzwa damu alijaribu kusema kwamba hapana, haikuwa hivyo, lakini wasichana walikuwa wamekwisha kupiga magoti wakimngoja, na Karimu alikuwa anaogopa kupoteza mwanga. Damu yenyewe ilikuwa sharubati ya bitiruti, na aliyeipika ni Orpha, katika beseni la saluni.

Sinema ilipotoka ilisambaa kwenye simu za watu kwa kasi ambayo Karimu mwenyewe hakuitegemea. Saluni ikapata wateja wa kuja kumwona na ikapoteza wateja wa kumwogopa. Orpha aliyachukua yote kwa utani. Kitu kimoja tu hakikumkalia vizuri: hakumtumia Thérèse. Mara nyingi aliifungua sinema ili amtumie, akaishia kumtumia picha ya mteja aliyesukwa vizuri. Wengine wa Mbabula Moja walikuwa wametawanyika, mmoja Kanada, mmoja Goma, mmoja amekufa, na waliobaki walikuwa na kimya cha watu walioolewa. Katika nyumba ile yote, Thérèse ndiye pekee aliyekuwa bado anamwita Chumvi.

Na Thérèse akaandika kwamba anakuja.

Mumewe alikuwa amefariki, shemeji zake wamemtoa katika nyumba, na Bukavu haikuwa na kitu cha kumzuia tena. Angepita Zambia, kisha Zimbabwe, kwa basi. Aliuliza kama Chumvi atampokea. Orpha alisoma ujumbe ule akiwa na kichwa cha mtu mikononi, na mwenye kichwa akashangaa kuona machozi yanamdondokea begani. Alijibu kwamba chumba ni kidogo lakini ni chao wawili.

Akakigeuza chumba. Alihamisha kitanda, akaweka godoro la pili, akanunua sufuria isiyokuwa ya mtu mmoja. Alimweleza kila mteja kwamba dada yake anakuja. Hata aliongea na ile familia ya upande wa pili wa mbao, akiwaomba radhi mapema kwa sababu Thérèse anacheka kwa sauti. Karimu alipompigia kumwambia anafikiria sehemu ya pili ya sinema, alimjibu kwamba Jumapili zake sasa zimejaa.

Ujumbe wa mwisho ulitoka Lusaka. Thérèse alisema amepata wenyeji wazuri, Wakongo wenzake, watu wa kanisa, anapumzika kidogo kisha anaendelea. Baada ya hapo simu yake haikujibu. Orpha alikwenda stesheni ya Park mara nyingi kungojea mabasi ya kutoka Zimbabwe, akatazama kila mwanamke mrefu aliyeshuka. Alimwazia Thérèse akiwa amekamatwa mpakani, akiwa mgonjwa, akiwa ameibiwa. Hakumwazia akiwa La Rochelle, mtaa wa Johannesburg hiihii.

Aliyemletea habari ni mteja tu, mama wa kuuza vitenge, ambaye alikuwa anazungumza tu mambo ya kanisani kwao. Mchungaji Gustave, alisema, amempokea mjane kutoka Bukavu, mrefu, sauti kama ya mwanamume, anaimba vizuri ajabu. Alikuja na watu wa kanisa kutoka Lusaka, na sasa anakaa kwa mchungaji. Orpha alimaliza kichwa kile bila kujua amesuka nini.

Jumapili iliyofuata alifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, akapanda teksi, yale mabasi madogo ya huko, hadi La Rochelle. Kanisa la Mchungaji Gustave lilikuwa stoo ya zamani ya magodoro, viti vya plastiki vimepangwa, kitambaa cheupe kimetandazwa ukutani. Alikaa nyuma kabisa. Thérèse alikuwa safu ya mbele. Alimtambua kwa mgongo, na moyo wake ukafurahi kabla ya akili kuuliza swali lolote.

Kisha taa zikazimwa, na kwenye kitambaa cheupe akatokea Orpha.

Mchungaji alikuwa anatumia sinema ya Karimu kufundishia vijana. Aliisimamisha kila mahali palipomfaa, akaeleza. Hili jiko mnaloliona ni madhabahu. Huu mwiko ambao baadaye unageuka jambia ni alama. Watoto wenu wakienda chuo, alisema, hivi ndivyo wanavyokamatwa, kwa vyama hivi vya kidada na kikaka, kwa michezo ya unga na masizi. Watu waliguna. Orpha aliye ukutani, mkubwa kama mlango, aliinua kikombe akanywa, na Orpha wa kwenye kiti alikumbuka kwamba sharubati ile haikuwa na sukari.

Taa ziliporudi, mchungaji aliuliza kama yupo aliyewahi kupita humo. Katika makanisa ya namna hii swali hilo si la kupita. Mgeni hapokelewi kikamilifu mpaka ameleta ushuhuda, ametaja alikotolewa mbele ya wote. Na ushuhuda una daraja zake, wa aliyeacha pombe haulingani na wa aliyetoka gizani. Mjane ambaye ushuhuda wake ni kwamba alinyang'anywa nyumba huhurumiwa wiki chache. Macho ya safu ya mbele yalimgeukia Thérèse. Ilionekana wazi walikuwa wamekwisha kuzungumza.

Thérèse akasimama. Kwa ile sauti nzito iliyokuwa ikiwaamsha nyumba nzima wakati wa mitihani, akasema kwamba yeye alikuwa katika chama hicho, chenyewe, Mbabula Moja, na si hadithi. Alisema walivaa majoho mekundu. Alisema waliapa juu ya jambia. Alisema kulikuwa na kikombe, kikazunguka, na kila mmoja alikunywa, na tangu siku hiyo hakupata raha, mpaka mume akafa. Wanawake walilia. Mwingine alimshika mgongo asianguke.

Orpha alikuwa anamjibu moyoni. Joho lilikuwa pazia la duka la Wahindi. Jambia lilikuwa la Karimu, la plastiki. Hakukuwa na kikombe, Yaya, hata kikombe hatukuwa nacho, tulikunywa chai kwa makopo. Alitaka kupanda kwenye kiti akayapiga kelele hayo. Lakini katika nyumba ile ya Kadutu palikuwa na sheria moja iliyowaingia wote kuliko kiapo: dada akisema neno mbele ya watu, hata kama ni uongo mtupu, humpingi mbele ya watu. Unangoja mrudi nyumbani, ndipo umvue nguo kwa maneno. Na Orpha alijua pia, bila kuhitaji sheria, kwamba akisema ukweli pale, Thérèse atalala nje.

Mchungaji akauliza nani alikuwa mama yao katika agano lile. Thérèse akageuka kutazama watu, macho yake yakakutana na ya Orpha, akasema hayupo.

Orpha alifungua kitambaa chake, akatembea hadi mbele. Kelele zilizopanda zilikuwa za watu walioona sinema ikitoka ukutani. Akapiga magoti kando ya Thérèse.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa naye."

Wakaombewa pamoja. Maombi yalikuwa marefu, yenye mikono mingi na jasho, na katika muda wote huo bega la Thérèse lilikuwa limeegemea bega lake, na kidole kidogo cha Thérèse kilikuwa kimeshika kidole chake kidogo mahali ambapo hakuna aliyeona. Nitasema kama ilivyokuwa: Orpha alikuwa na furaha. Tangu aingie nchi ile hakuwa amewahi kukaa karibu na mtu namna hiyo, na alikuwa tayari kuitwa mchawi kila Jumapili kama gharama yake ni hiyo tu.

Mchungaji alipomaliza aliwasimamisha na kuwakumbatia. Kisha akalieleza kanisa, kwa upole wa mtu anayetaka mema, kwamba kamba iliyowafunga hawa wawili ni moja, na leo imekatwa. Kwa usalama wao wasilale nyumba moja, wasile sahani moja, wasipigiane simu, agano lisije likajifunga tena. Dada Orpha atafute kanisa lililo karibu naye, Berea makanisa ni mengi. Watu wakaitikia amina.

Mlangoni walipewa dakika ya kuagana, mke wa mchungaji akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwao. Thérèse alieleza haraka, macho chini. Wenyeji wake wa Lusaka walikuwa wanaitazama sinema ile jioni aliyofika. Walimuuliza Johannesburg anakwenda kukaa kwa nani. Yeye alikuwa na picha ya Orpha kwenye simu, akaizima simu. Wakamwambia yupo mchungaji mzuri, waende pamoja, akaenda.

"Ungeniandikia hata neno moja, Yaya."

"Ningeandika nini?"

"Weye unajua haikukuwa vile."

"Ulipenda niseme nini, Chumvi? Ati tulikuwa tunapikiana maharagi?" Thérèse aliinua macho, na hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu. "Batu ba kanisa banangojea damu. Nimesema ile uliyowaonyesha weye. Mi sina fasi ingine ya kulala."

Orpha alifungua mdomo kusema kwamba fasi ipo, godoro lipo, amelitandika. Lakini mke wa mchungaji alikuwa amekwisha kumshika Thérèse mkono, kwa upole uleule wa mumewe, akimwelekeza kwenye gari ambamo watoto walikuwa wanagombania dirisha. Mtu mmoja akatafuta funguo. Gari likaondoka.

Orpha alisimama pale mpaka uwanja ukaisha watu. Alikuwa anafikiria jambo moja. Kadutu ya kweli, ya unga na masizi, ya sufuria kichwani kwenye matope, ilikuwa imebaki midomoni mwa watu wawili tu, na wote wawili wameikana leo mbele ya mashahidi. Akifa kesho, hakuna atakayejua kwamba watu walipendana hivyo, ila watajua wasichana wa Bukavu walikunywa damu. Alilia, waziwazi, barabarani, kama mtoto.

Alikuwa bado hajafika Berea Karimu alipopiga simu. Video ya ushuhuda ilikuwa imekwisha kusambaa, alisema, na watu wanaulizia sehemu ya pili, sasa kwa kuwa hata kanisani wamekiri ni kweli tupu. Alikuwa na hadithi tayari: dada aliyeokoka anarudi kumtafuta mama wa chama ili amwokoe, mama anakataa. Wasichana wote wamekubali. Wanamuulizia Mama yao.

Orpha alifuta pua kwa ncha ya kitambaa, akageukia dirisha la teksi ili abiria wasimsikie.

"Munaanza Jumapili gani?" akauliza.